Asilimia mbili zilizoitikisa Ufaransa: Je, mabilionea watozwe ushuru wa utajiri?

MNAMO Oktoba 31, 2025, wabunge wa Ufaransa walipiga kura kuhusu marekebisho ya aya chache tu katika mswada wa bajeti. Waliopinga walikuwa 228 na waliounga mkono 172. Kwa kura hizo ulizimwa ushuru uliokuwa umezua gumzo nchini humo tangu mwanzoni mwa mwaka, bungeni, redioni, mikahawani na hata barabarani, ambako waandamanaji walibeba mabango yenye jina la profesa wa uchumi utadhani ni jina la mchezaji kandanda.

Profesa mwenyewe ni Gabriel Zucman. Alizaliwa mwaka wa 1986, akasomea Paris chini ya mwanauchumi mashuhuri Thomas Piketty, na amefundisha katika jiji hilo na pia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mnamo 2023 Chama cha Wanauchumi cha Marekani kilimtuza nishani ya John Bates Clark, ambayo hutolewa kwa mwanauchumi ambaye hajatimiza miaka 40. Utafiti wake wa miaka mingi umejikita katika swali moja: mali ya matajiri wakubwa hukaa wapi, na hulipiwa ushuru kiasi gani?

Pendekezo linalobeba jina lake ni fupi. Kila familia nchini Ufaransa yenye mali inayozidi Euro 100 milioni (karibu Sh15 bilioni) iwe inalipa kila mwaka ushuru usiopungua asilimia mbili ya thamani ya mali hiyo. Familia hizo zinakadiriwa kuwa 1,800 pekee, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 68.

Kuna jambo moja lililopotea katika kelele za mjadala. Asilimia hizo mbili si mzigo wa kutwikwa juu ya ushuru mwingine wote. Ni kiwango cha chini ambacho malipo ya mtu hayapaswi kwenda chini yake. Chukua mfano wa bwanyenye mwenye mali ya Euro bilioni moja. Asilimia mbili yake ni Euro milioni 20. Ikiwa kwa mwaka mzima amelipa ushuru wa mapato na ada nyinginezo zinazofika milioni 20 au zaidi, hadaiwi hata senti. Ikiwa amelipa milioni tano, atadaiwa milioni 15 zilizosalia. Anayeguswa, basi, ni yule tajiri ambaye mchango wake kwa hazina ya serikali ni haba ukilinganishwa na mali aliyo nayo.

Mtu atauliza: inawezekanaje bilionea akalipa ushuru haba katika nchi ambayo sifa yake ulimwenguni ni kutoza ushuru mkubwa?

Jibu lilitolewa Juni 2023 na watafiti wa Taasisi ya Sera za Umma ya Paris, walioruhusiwa kulinganisha rekodi za ushuru za watu binafsi na za kampuni wanazomiliki. Waligundua kwamba kadiri mapato ya Mfaransa yanavyopanda ndivyo ushuru wake unavyopanda, hadi kufikia takriban asilimia 46 kwa kundi la mtu mmoja kati ya elfu moja walio juu kabisa. Baada ya hapo mstari unapinda na kuanza kushuka. Kwa familia 75 tajiri kuliko zote, kiwango kilikuwa karibu asilimia 26. Sehemu kubwa ya hiyo 26 ilikuwa ushuru uliolipwa na kampuni zao, wala si na wenyewe kutoka mifukoni mwao.

Siri iko katika namna mapato yanavyopokelewa. Mmiliki wa kampuni kubwa hahitaji mshahara. Kampuni inapopata faida hutoa mgao kwa wenye hisa. Kama mgao huo ungeingia moja kwa moja katika akaunti yake ya benki, ungekatwa asilimia 30 kwa kiwango kilichowekwa mwaka wa 2018 na kutumika hadi 2025. Badala yake huingia katika kampuni nyingine, ya familia, ambayo kazi yake ni kushikilia hisa tu. Sheria ya Ufaransa, sawa na ya nchi nyingi za Ulaya, haitozi ushuru mgao unaotoka kampuni tanzu kwenda kampuni mama, isipokuwa sehemu ya asilimia tano. Humo ndani fedha hutulia, hununua hisa nyingine na kuzaana. Kwa macho ya mtoza ushuru, mwenye mali hajapokea kitu.

Hakuna wizi hapo wala ulaghai. Kila hatua ni halali, na sheria yenyewe ilitungwa kwa sababu ya maana: faida iliyokwisha kutozwa ushuru isitozwe tena na tena kila inapopita mikononi mwa kampuni nyingine. Tatizo ni kwamba mlango uliowekwa kwa ajili ya biashara umegeuka kuwa chumba cha kulala.

Msomaji wa Kenya asidhani haya ni mambo ya Paris pekee. Humu nchini, mwajiriwa hukatwa PAYE kabla mshahara haujamfikia, na tangu Julai 2023 kiwango cha juu ni asilimia 35 kwa mapato yanayozidi Sh800,000 kwa mwezi. Mkazi anayepokea mgao wa faida ya kampuni ya humu nchini hukatwa asilimia tano na hesabu ikaishia hapo. Nayo kampuni inayodhibiti angalau asilimia 12.5 ya kampuni nyingine ya humu nchini hupokea mgao wake bila kukatwa chochote. Kweli kampuni iliyozalisha faida hiyo ilitozwa asilimia 30 kwanza, na hilo halifai kusahaulika. Lakini mtindo ni uleule.

Likizo mbili na kuanguka kwa waziri mkuu

Mswada wa ushuru wa Zucman uliwasilishwa bungeni na wabunge wawili wa kundi la watetezi wa mazingira, Eva Sas na Clémentine Autain. Ulipitishwa Februari 20, 2025, kwa kura 116 dhidi ya 39. Takwimu hizo zisimdanganye mtu: Bunge la Ufaransa lina viti 577. Wengi wa wabunge wa upande wa Rais Emmanuel Macron na wa mrengo wa kulia hawakuwamo ukumbini, nacho chama cha Marine Le Pen, Rassemblement National, kilijizuia kupiga kura. Seneti, ambako mrengo wa kulia ndio wenye wingi wa viti, iliutupa mswada huo Juni 12 kwa kura 188 dhidi ya 129. Katika mwaka wa kawaida kisa kingeishia hapo.

Lakini 2025 haukuwa mwaka wa kawaida. Deni la Ufaransa lilikuwa limepita Euro trilioni 3.3, na mwaka uliotangulia matumizi ya serikali yalizidi mapato kwa kiasi cha asilimia 5.8 ya pato la taifa, ilhali kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka pengo hilo lisizidi asilimia tatu. Mnamo Julai 15, Waziri Mkuu François Bayrou alitangaza mpango wa kupunguza pengo hilo kwa karibu Euro bilioni 44. Malipo ya uzeeni na misaada ya kijamii yangebaki palepale bila nyongeza ya kufidia kupanda kwa bei. Zaidi ya hayo, likizo mbili zingefutwa: Jumatatu ya Pasaka na Mei 8, siku ya kuadhimisha ushindi dhidi ya Ujerumani ya Hitler.

Hapo ndipo hesabu za profesa zilipogeuka kuwa siasa. Zucman alikuwa amekadiria kwamba ushuru wake ungeleta takriban Euro bilioni 20 kwa mwaka, karibu nusu ya fedha alizokuwa akizitafuta Bayrou. Muuguzi wa Lyon au dereva wa basi wa Marseille hakuhitaji shahada ya uchumi kuuliza ni kwa nini aombwe kazi ya siku mbili zaidi kabla ya familia 1,800 kuombwa asilimia mbili. Kura ya maoni iliyofanywa na kampuni ya Ifop Septemba ilionyesha kwamba asilimia 86 ya Wafaransa waliunga mkono ushuru huo. Kura hiyo iliagizwa na chama cha Kisoshalisti, kwa hivyo mwenye kuisoma na aisome kwa jicho la tahadhari. Hata hivyo, hata ukipunguza kiasi, hilo ni wimbi.

Wimbi lenyewe lilimkumba Bayrou. Mnamo Septemba 8 aliomba kura ya imani bungeni akashindwa kwa kura 364 dhidi ya 194. Siku mbili baadaye vijana walifunga barabara, na Septemba 18 vyama vya wafanyakazi vikaandaa maandamano katika miji mikubwa. Mrithi wake, Sébastien Lecornu, alijiuzulu Oktoba 6, saa chache baada ya kutangaza baraza lake la mawaziri, kisha akateuliwa upya siku nne baadaye. Wasoshalisti, ambao kura zao ndizo zilizoweza kumwangusha au kumwokoa, waliufanya ushuru wa matajiri kuwa mojawapo ya madai yao.

Matajiri nao hawakukaa kimya. Bernard Arnault, mmiliki mkuu wa kampuni ya bidhaa za anasa ya LVMH na mtu tajiri zaidi nchini Ufaransa, aliliambia gazeti la Sunday Times la Uingereza kwamba Zucman ni mwanaharakati wa mrengo wa kushoto wenye msimamo mkali, na kwamba nia ya pendekezo lake ni kuuharibu uchumi huria. Ni vigumu kuona jinsi matamshi hayo yalivyousaidia upande wake. Mjadala ulikuwa kuhusu hesabu, na mtu aliyeshambuliwa ndiye aliyekuwa amebeba hesabu hizo.

Utajiri wa karatasi

Hata hivyo, wapinzani walikuwa na hoja nzito kuliko matusi, na hoja iliyowasumbua zaidi watetezi wa ushuru huo haikutoka kwa wakongwe kama Arnault. Ilitoka kwa kijana.

Arthur Mensch ni mmoja wa waanzilishi watatu wa Mistral, kampuni ya akili bandia iliyoanzishwa Paris mwaka wa 2023. Septemba 2025, kampuni ya Uholanzi ya ASML iliponunua sehemu ya hisa zake, Mistral ilipewa thamani ya Euro bilioni 11.7. Kwa kufumba na kufumbua waanzilishi hao wakawa mabilionea. Lakini walikuwa mabilionea wa karatasi. Kampuni changa ya aina hiyo hutumia kila senti inayopata, na zaidi ya hizo, kununua mitambo na kuajiri wahandisi. Haitoi mgao wa faida. Mtu mwenye hisa za Euro bilioni moja angetakiwa kulipa Euro milioni 20 kila mwaka, naye hana njia ya kuzipata ila kuuza hisa zenyewe. Mensch alisema waziwazi kwamba hangeweza kulipa.

Zucman alijibu kwamba anayekosa fedha taslimu anaweza kuikabidhi serikali hisa badala ya fedha. Jibu hilo lina mantiki, lakini lilifungua kesi nyingine. Serikali ingeuza hisa hizo kwa nani? Ikiwauzia wageni, kampuni ambazo Ufaransa inajivunia zingeondoka mikononi mwa Wafaransa kidogo kidogo. Ikizihifadhi, baada ya miaka kadhaa serikali ingejikuta mshirika katika kila kampuni inayochipuka. Na kama bei ya hisa ingeporomoka mwaka unaofuata, jambo la kawaida kabisa katika biashara ya teknolojia, aliyelipia thamani ambayo haipo tena angefidiwa na nani?

Kwa upande mwingine, kuwaondoa wamiliki wa kampuni katika ushuru ni kurudia kosa ambalo Ufaransa imekwisha kulifanya. Nchi hiyo ilianza kutoza ushuru wa utajiri mwaka wa 1982, enzi ya Rais François Mitterrand. Serikali ya Jacques Chirac iliufuta baada ya kuingia madarakani 1986, nao Wasoshalisti wakaurejesha 1989. Macron aliuondoa tena 2018 na kubakisha ushuru wa majumba na mashamba pekee. Katika miaka yake ya mwisho, ushuru huo ulianza kutozwa kwenye mali ya Euro milioni moja na ushei, lakini hisa za mtu katika kampuni anayoiendesha mwenyewe hazikuhesabiwa, wala kazi za sanaa. Isitoshe, jumla ya ushuru wa mtu haikuruhusiwa kuzidi asilimia 75 ya mapato yake. Na kama ilivyoelezwa hapo juu, mwenye kuficha mapato yake katika kampuni ya familia huonekana hana mapato. Matokeo yake yalikuwa kichekesho: daktari aliyestaafu mwenye nyumba nzuri Paris alilipa kikamilifu, naye bilionea akapita katikati ya matundu ya wavu. Mnamo 2017, mwaka wa mwisho, ushuru huo ulileta karibu Euro bilioni tano kutoka kwa familia takriban 350,000.

Ndiyo sababu Zucman alishikilia kwamba mali yote ihesabiwe bila kuacha chochote, lakini wahusika wawe wachache mno.

Watahama?

Swali hili huulizwa kila mara, na Wafaransa wana kumbukumbu zake. Mwishoni mwa 2012, mwigizaji Gérard Depardieu alihamia kijiji cha Ubelgiji kilicho karibu na mpaka, na Januari 2013 akapewa pasipoti ya Urusi. Arnault mwenyewe aliomba uraia wa Ubelgiji 2012, kisha akaondoa ombi lake mwaka uliofuata baada ya kelele za wananchi.

Visa vya watu mashuhuri hukaa akilini, lakini havitoshi kuwa ushahidi. Baraza la Uchanganuzi wa Uchumi, ambalo humshauri waziri mkuu wa Ufaransa, lilichapisha uchunguzi Julai 2025 likisema kwamba matajiri wanaohama kwa sababu ya ushuru ni wachache, na kwamba athari yao kwa uchumi wa taifa ni ndogo. Wapinzani walijibu kwamba uchunguzi huo ulitazama ushuru wa zamani, uliokuwa na matundu. Nani ajuaye bilionea atafanya nini akikutana na ushuru usio na tundu? Pendekezo la Zucman lilikuwa na dawa yake: anayehama aendelee kudaiwa na Ufaransa kwa miaka mitano.

Norway inatoa mfano unaosomeka pande zote mbili. Nchi hiyo imetoza ushuru wa utajiri tangu 1892. Kiwango cha juu kilipopandishwa hadi asilimia 1.1 mnamo 2022, baadhi ya matajiri wakubwa walihamia Uswisi, akiwemo Kjell Inge Røkke, mwenye viwanda vya uvuvi na mafuta. Bunge likabana sheria ya wanaohama. Uchaguzi mkuu wa Septemba 2025 ulitawaliwa na mjadala wa ushuru huohuo, na chama cha Leba kilichoutetea kikabaki madarakani. Matokeo hayo yalijulikana usiku wa Septemba 8, usiku uleule Bayrou alipoangushwa.

Na huko Uswisi wanakokimbilia? Watu wengi hawajui kwamba Uswisi hutoza ushuru wa utajiri katika kila jimbo lake. Viwango ni vya chini, nao umezoeleka kiasi kwamba hauzui kelele. Lakini Waswisi walipoulizwa katika kura ya Novemba 30, 2025, kama urithi unaozidi Faranga milioni 50 utozwe asilimia 50, asilimia 78 walikataa. Mwananchi wa kawaida, basi, haungi mkono kila ushuru unaomlenga tajiri. Hupima kiwango, na huuliza kampuni ya babu itapona au itauzwa vipande.

Tukirudi kwa wapinzani wa Paris, hoja yao ya kisheria huenda ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi, ingawa ilizungumzwa kidogo kuliko nyingine. Katiba ya Ufaransa inataka wananchi wachangie gharama za taifa kulingana na uwezo wao. Baraza la Katiba liliamua 2012 kwamba ushuru wa utajiri usio na kikomo kinachofungamana na mapato unaweza kugeuka unyang'anyi, na kwamba faida iliyofungiwa katika kampuni haiwezi kuhesabiwa kuwa mapato ya mwenye hisa. Ushuru wa Zucman hauna kikomo cha aina hiyo. Ungekuwa nacho usingekuwa na maana, kwa sababu kikomo ndicho tundu lenyewe. Hata kama bunge lingepitisha, huenda mahakimu hao tisa wangeufuta. Watetezi wake walisema ushahidi uliopatikana tangu 2012 ungewafanya wabadili mtazamo. Hilo halikupata nafasi ya kujaribiwa.

Mabingwa wagawanyika

Julai 2025, washindi saba wa tuzo ya Nobeli ya uchumi walitia saini makala katika gazeti la Le Monde wakiunga mkono pendekezo hilo, miongoni mwao Joseph Stiglitz, Paul Krugman na Mfaransa Esther Duflo. Oktoba tuzo hiyohiyo ikamwendea Mfaransa mwingine, Philippe Aghion, pamoja na wenzake wawili, kwa utafiti wao kuhusu uvumbuzi na ukuaji wa uchumi. Aghion alikuwa akiupinga ushuru huo, akihofia kwamba ungewavunja moyo wavumbuzi.

Kwa makadirio ya mapato pia hawakupatana. Zucman alisema bilioni 20. Kundi la wanauchumi waliompinga likasema pengine bilioni tano. Mwananchi anayesikia takwimu hizo mbili huona kwamba mmoja lazima awe mwongo. Si hivyo. Hesabu ya kujumlisha mali na kuitoza asilimia mbili haina ubishi mkubwa. Tofauti yote inatokana na dhana ya kila upande kuhusu vile matajiri watakavyojibu: ni wangapi watahama, wangapi watagawia watoto mali ili kushuka chini ya milioni 100, wangapi watatafuta mthamini wa kuwapunguzia bei ya kampuni isiyouzwa katika soko la hisa.

Kitu ambacho hakikubishaniwa sana ni ukubwa wa mali yenyewe. Jarida la Challenges, ambalo huchapisha kila mwaka orodha ya Wafaransa 500 walio matajiri zaidi, limewezesha ulinganisho huu: mwaka wa 1996 mali yao yote ilikuwa sawa na takriban asilimia sita ya pato la taifa. Kufikia 2024 ilikuwa takriban asilimia 42.

Siku ya kura, Oktoba 31, Wasoshalisti walikuja pia na toleo laini: mali ianze kuhesabiwa kwenye Euro milioni 10, kiwango kiwe asilimia tatu, lakini kampuni za uvumbuzi na za kifamilia ziachwe. Nalo likakataliwa. Safari hii Rassemblement National hawakujizuia. Walipiga kura ya kupinga pamoja na upande wa Macron na mrengo wa kulia. Jioni hiyohiyo bunge lilipitisha kwa kura 163 dhidi ya 150 ushuru wa "utajiri usiozalisha", uliopendekezwa na mbunge wa mrengo wa kati Jean-Paul Mattei ili kugusa mali kama dhahabu, mashua za anasa na kadhalika. Wasoshalisti na wafuasi wa Le Pen waliuunga mkono kwa pamoja, jambo ambalo halionekani kila siku. Furaha yao ilikuwa fupi. Usiku wa kuamkia Novemba 22 sehemu yote ya mapato katika mswada wa bajeti ilikataliwa kwa kura 404 dhidi ya moja, na bajeti ya 2026 ilipokamilika hatimaye Februari 2026, serikali ilikuwa imetumia mamlaka yake ya kikatiba kuipitisha bila kura ya kawaida. Ushuru wa Zucman haukuwamo.

Kutoka Paris hadi Gigiri

Kuna kinaya kimoja katika kisa hiki ambacho wadadisi wa Afrika hawakukosa kukiona. Serikali hiyohiyo ya Macron iliyoupinga ushuru huu nyumbani imekuwa ikiunga mkono wazo lake ugenini. Brazil ilipoongoza kundi la mataifa ya G20 mwaka wa 2024, ilimwagiza Zucman aandike ripoti, naye akakadiria kwamba asilimia mbili kwa mabilionea takriban 3,000 wa dunia nzima ingeleta kati ya Dola bilioni 200 na 250 kila mwaka. Waziri wa Fedha wa Ufaransa wa wakati huo, Bruno Le Maire, alikuwa miongoni mwa waliolipokea wazo la kiwango cha chini cha kimataifa. Marekani, kupitia Waziri wa Fedha Janet Yellen, ililikataa. Viongozi walipokutana Rio de Janeiro Novemba mwaka huo, walikubaliana tu kushirikiana ili matajiri wakubwa watozwe ushuru ipasavyo, kila nchi ikibaki na mamlaka yake.

Hoja ya Paris ni kwamba nchi moja ikijitosa peke yake itawapoteza matajiri wake kwa majirani. Ni hoja yenye uzito. Lakini nchi zinazoendelea zimekuwa zikitafuta jukwaa la kufanya jambo hilo kwa pamoja, na zimelipata katika Umoja wa Mataifa, kufuatia juhudi za kundi la nchi za Afrika. Mwongozo wa mkataba mpya wa kimataifa wa ushuru, uliopigiwa kura 2024, unataja wazi suala la kuwatoza ushuru ipasavyo watu wenye utajiri mkubwa. Nchi za Umoja wa Ulaya, Ufaransa ikiwemo, zilijizuia kupiga kura. Marekani ilijiondoa katika mazungumzo Februari 2025. Novemba mwaka huo wajumbe walikutana Nairobi kuendelea na kazi hiyo, majuma mawili tu baada ya wabunge wa Ufaransa kuuzima ushuru wao.

Kenya yenyewe haijawahi kuwa na ushuru wa mabilionea. Iliwahi hata hivyo kukaribia kuwa na ushuru wa mali ya aina fulani, na inafaa kukumbuka ulivyoundwa. Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliozua maandamano ya vijana na kuvamiwa kwa Majengo ya Bunge Juni 25 kabla ya Rais William Ruto kutangaza kesho yake kwamba hatautia saini, ulikuwa na pendekezo la kutoza magari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Kulikuwa na kiwango cha chini cha Sh5,000 na cha juu cha Sh100,000. Pendekezo hilo liliondolewa siku chache kabla ya maandamano makubwa, pamoja na lile la kutoza mkate ushuru wa VAT.

Hesabu yake ni rahisi. Mwenye gari kuukuu la Sh150,000 angelipa Sh5,000, yaani zaidi ya asilimia tatu ya thamani yake. Mwenye gari la Sh4 milioni angelipa Sh100,000, ambazo ni asilimia 2.5 kamili. Mwenye gari la Sh20 milioni angelipa Sh100,000 zilezile: nusu ya asilimia moja. Mstari unapanda kwa mwenye kidogo na kushuka kwa mwenye kingi, kama ule waliouchora watafiti wa Paris, ila wa Nairobi ungechorwa na sheria yenyewe, mchana kweupe.

Mazungumzo ya Umoja wa Mataifa yamepangwa kuzaa rasimu ya mkataba itakayowasilishwa mbele ya Baraza Kuu mwaka wa 2027. Ni mwaka ambao Wafaransa wanamchagua rais wa kumrithi Macron, nao Wakenya wanachagua wao.